Damu ya Ebenezeri

Habari kwamba mdogo wake Filemon ameanguka zilimfikia Elimringi saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari mdomoni. Zililetwa na mwenye duka la jirani, aliyekuwa amepigiwa simu na Eliufoo, kaka yao mkubwa, kutoka Kirua Vunjo. Filemon alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akashika kichwa, akasema neno lisiloeleweka, akaenda chini. Wamempakia kwenye pikapu ya mchungaji, wako njiani kushuka Moshi.

Elimringi alitema misumari kiganjani. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma. Lilikuwa kihamba, ile ekari moja na nusu ya migomba na kahawa walipozaliwa wote watatu, penye nyumba ya bati jekundu na kaburi la baba yao, ambayo Filemon aliachiwa yote kwa sababu tu alizaliwa mwisho. "Sasa itakuwaje?" alijiuliza, na palepale akaona haya, akavaa shati harakaharaka kama mtu aliyekutwa uchi.

Ndiyo mila yenyewe. Mtoto wa mwisho hubaki na kihamba cha wazazi, wa kwanza hukatiwa chake juu kidogo, wa katikati hujitafutia. Elimringi alikuwa wa katikati. Kiwanda alichokuwa anafanyia kazi kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na mwaka huo wa 2003 alikuwa amepanga vyumba viwili Soweto, hapo Moshi mjini, na mkewe Violet na binti yao Hellen, akitengeneza makochi barazani. Hayo yote angeyameza. Wa katikati wengi wameyameza. Kilichomkwama kooni ni pua.

Watu wa ukoo ule walitokwa na damu puani. Marehemu Mzee Ebenezeri alitembea na kitambaa chekundu mfukoni ili damu isionekane. Eliufoo alikuwa nacho cha kwake, Filemon vilevile. Mzee akishachangamka kwa mbege, ile pombe ya ndizi, alizoea kusema kwamba kwake hakuna haja ya cheti cha kuzaliwa, mtoto wake atajulikana kwa kitambaa. Watu walicheka. Elimringi hakuwahi kutokwa hata na tone. Na kwa kuwa alizaliwa miaka ambayo baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, akipanda nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, kicheko kile kilikuwa na mkia wake.

&nbsp;

Kwenye korido ya hospitali aliwakuta wote. Mama yake, Bibi Elisifa, alikuwa ameketi kwenye benchi amejifunika khanga hadi puani. Elinipendo, mke wa Filemon, alisimama mlangoni mwa wodi kana kwamba akiuacha mlango huo mumewe atapotea. Eliufoo alikuwa anatembea huku na huku. Na Shangazi Eliona, dada wa marehemu baba yao, alikuwa ameweka mikono yake miwili kiunoni kama msimamizi wa kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

Daktari alitoka ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, akajitambulisha kwa sauti ya chini kuwa ni Daktari Esther. Filemon yu hai, alisema, lakini damu imevuja ndani ya kichwa. Kisha akafungua daftari.

"Kuna mwingine kwenye familia aliyewahi kuanguka hivi?"

"Kaka yangu Ebenezeri, baba wa huyu," Shangazi Eliona alijibu. "Alianguka kwenye kahawa. Hakuamka."

"Na kutokwa na damu puani?"

Walitazamana. Shangazi karibu atabasamu. "Hiyo si ugonjwa, daktari. Hiyo ni alama yetu."

Daktari alimwomba Eliufoo atoe ulimi, akaumulika kwa tochi ndogo. Kulikuwa na vidoadoa vyekundu, kama mtu aliyedondoshewa wino. Akaandika. Akauliza ndugu wengine wa damu ni akina nani.

"Ni mimi," alisema Elimringi.

"Huyu mwache, daktari," Shangazi Eliona alisema. "Huyu hatoki damu. Utapoteza karatasi yako bure."

Muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la dawa alipunguza mwendo ili asikie. Eliufoo alitazama viatu vyake. Bibi Elisifa aliivuta khanga juu zaidi, na zaidi ya hapo hakufanya kitu, kwa sababu kwa miaka arobaini hakuwahi kufanya kitu.

"Anaitwa nani?" daktari aliuliza, kalamu ikiwa bado mkononi, na jina la Elimringi likaandikwa chini ya majina ya kaka yake na mdogo wake.

&nbsp;

Filemon hakufa. Walimpeleka Nairobi kupigwa picha ya kichwa, akarudi na mkono wa kulia umelegea na maneno yanayotoka moja moja. Ndipo Daktari Esther alipowaita wote kwenye chumba chenye viti vya plastiki.

"Ninyi mnaijua mifongo," alianza. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kibosho, alijua kuwa hakuna mtoto wa mlimani asiyejua mifereji inayoleta maji mashambani kutoka juu. "Maji ya mfongo mkubwa yana nguvu. Ukiyafungulia moja kwa moja kwenye kitalu, yanabomoa. Kwa hiyo mnayagawa kwenye vijifereji vidogo, mpaka yanafika kwenye shina la mgomba yakiwa yametulia. Sawa?"

"Sawa," walijibu.

"Mwili nao uko hivyo. Mshipa unaotoka moyoni unakuja na nguvu. Ule wa kurudisha damu ni laini. Katikati yake kuna vijishipa vyembamba kama nywele, kazi yake ni kutuliza ile kasi. Sasa kwa baadhi ya watu wa ukoo wenu, mahali fulani fulani vijishipa hivyo havipo. Mshipa wa nguvu umeungana na mshipa laini moja kwa moja. Ikiwa puani, unatokwa na damu puani. Ikiwa kwenye mapafu, au kwenye ubongo…"

"Kingo zinabomoka," alimalizia Eliufoo.

"Zinabomoka. Na jambo hili mtu anazaliwa nalo. Linatoka kwa mzazi. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Si kwamba mkubwa anapata na mdogo anakosa. Kila mtoto na bahati yake."

Elinipendo, aliyekuwa ameacha watoto wawili nyumbani, alianza kulia bila sauti.

Daktari alieleza kwamba ana wenzake Ulaya wanaochunguza damu za familia za namna hii, bila malipo. Watatafuta kosa lenyewe kwenye damu ya Filemon kwanza, kisha wataangalia kama na wengine wanalo. Majibu yatachukua miezi, na kila mmoja atapewa yake peke yake.

"Si lazima mtu awe anatoka damu puani," aliongeza. "Wapo wanaolibeba maisha yao yote bila dalili."

Elimringi aliinua kichwa. "Hata asiyetoka damu kabisa?"

"Hata yeye."

Alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati.

&nbsp;

Wiki kadhaa baadaye Violet alikuwa anashona sare za shule wakati mumewe anamhadithia kwamba amepita tena hospitali kuulizia majibu. Alisimamisha cherehani.

"Sijakuelewa. Unataka ukutwe na ugonjwa huo?"

"Nataka kujua."

"Hapana, Baba Hellen. Mtu anayetaka kujua haulizi kila wiki majibu yatafika lini kwa uso kama wa kungoja posa. Unataka ukutwe nao."

Elimringi alijifanya anatafuta mkasi. "Nikiwa nao, hakuna atakayeinua mdomo tena. Si Shangazi, si nani. Na Filemon hawezi kulima kwa mkono mmoja. Kikao kikikaa kuamua nani asimamie kihamba, mimi nitakaa kama mtoto wa Ebenezeri, si kama mgeni aliyekuja kula."

"Na Hellen?"

"Hellen amefanya nini?"

"Daktari amesema nusu kwa nusu. Ukiwa nao wewe, mtoto wako naye yumo." Violet alipunguza sauti, maana binti yao wa miaka kumi na mitatu alikuwa nje ya dirisha anafanya hesabu za mtihani wa darasa la saba. "Unamwombea mtoto wetu kichwa kipasuke, ili wewe upate migomba."

Elimringi aliendelea kutafuta mkasi. Alijua kwamba mkewe amesema kweli, na bado kila Jumapili kanisani, mchungaji aliposema kila mtu alete haja yake, haja ya Elimringi ilikuwa ileile.

Wivu wake ulikuwa umefika mahali pa kumwonea wivu hata mgonjwa. Alipopanda Kirua kumjulia hali mdogo wake, alimkuta mama yao amekaa kwenye kigoda anamlisha Filemon mtori kwa kijiko, anampangusa kidevu, anampulizia kijiko kinachofuata. Filemon, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alifungua kinywa kama kinda. Elimringi alisimama mlangoni na mkate aliowaletea, akajaribu kukumbuka kama yeye aliwahi kupuliziwa chakula na mama yake. Alishindwa kukumbuka. Bila shaka alipuliziwa, kama watoto wote. Lakini wivu hauna kumbukumbu ya namna hiyo.

"Ka-ka," Filemon alisema, akainua mkono mzima kumsalimu.

"Pole mdogo wangu," alijibu, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli pia. Vitu hivyo viwili vilikaa kifuani mwake pamoja bila kugombana.

&nbsp;

Majibu yalifika baada ya miezi mitano. Daktari Esther aliwaita mmoja mmoja. Eliufoo aliingia, akatoka akitikisa kichwa. Ikawa zamu ya Elimringi.

"Nina habari njema," daktari alisema kabla hata hajakaa. "Huna. Wala hutampa mtoto wako. Kwako limeishia hapo."

Elimringi alitazama ile karatasi. Ilikuwa na mistari michache ya Kiingereza na jina lake limekosewa herufi moja.

"Wameangalia vizuri?"

"Mara mbili."

"Labda damu zilichanganyika. Hapa wameandika Elimringe."

Daktari alivua miwani. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kuona watu wanaolia wakipewa habari mbaya. Hakuwahi kuona mtu wa kubishania nzuri. Kisha akakumbuka korido, na yule mama aliyeshika kiuno, akaelewa.

"Nisikilize, kaka yangu. Karatasi hii haisemi wewe ni mtoto wa nani. Haikupima hilo. Baba mmoja anaweza kuzaa watoto sita, watatu wakakosa, na wote sita ni wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Waeleze hivyo nyumbani."

"Nyumbani hawatasikia hayo ya watatu na watatu," Elimringi alisema. "Watasikia kwamba sina."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya soksi.

&nbsp;

Jumapili iliyofuata walikutana kihambani baada ya ibada. Eliufoo alichinja mbuzi, kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Alisema mbele ya wote kwamba yeye anao ugonjwa huo. Filemon alijulikana. Shangazi Eliona, aliyepimwa pia, alisema anao, na alivyolitamka ungedhani ametunukiwa nishani. Kisha macho yote yakamgeukia Elimringi, na kabla hajafungua mdomo aliona vile shangazi yake anavyojiandaa: alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ninao," Elimringi alisema.

Violet, aliyekuwa na wanawake wengine jikoni, aliangusha mwiko. Yeye alikuwa ameiona ile karatasi.

Kisha Shangazi Eliona aliinuka, akaja hadi alipokaa, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ee Ruwa, Mungu wangu," alilia. "Mtoto wa kaka yangu. Nisamehe." Machozi yake yalikuwa ya kweli, na yalimlowanisha Elimringi shingoni. Eliufoo alimsogeza kwenye kiti cha karibu naye. Nyama ilipogawanywa, Elimringi ambaye miaka yote alipewa shingo, aliwekewa kidari mbele yake. Alikula. Ilikuwa tamu kupita nyama yoyote aliyowahi kula.

Mama yake peke yake hakuja kumkumbatia. Bibi Elisifa alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe ambaye wakati wake wa kukamuliwa ulikuwa haujafika.

Wakati wa kuondoka Elinipendo alimfuata Violet hadi barabarani, akamtwisha mkungu wa ndizi. Miaka kumi na minne walikuwa wakisalimiana kwa ncha za vidole. "Sasa mimi na wewe tuko kundi moja, Mama Hellen," alisema. "Nilikuwa nasema moyoni, kwa nini mimi na si yule. Mungu anisamehe."

Violet alishuka na ule mkungu kichwani hadi stendi bila kuongea na mumewe, na walipofika Soweto alisema sentensi moja tu: "Mimi sitamdanganya mtu, lakini sitakuumbua pia, utajiumbua mwenyewe."

&nbsp;

Aliyekuwa amesahauliwa na wote ni Hellen.

Alikuwa pale kihambani, ameketi na binamu zake, Mary na Tito wa Filemon, na alimsikia baba yake. Alikuwa mtoto wa kunyamaza. Alianza kwa kujitazama ulimi kwenye kioo. Akaacha kucheza netiboli, akisema mguu unamuuma. Akaacha kuinama kuosha vyombo, akachuchumaa badala yake, kichwa juu, kwa sababu alisikia kuwa Filemon alianguka akiwa ameinama. Violet alimuuliza mara mbili kama anaumwa, akajibiwa kuwa ni mawazo ya mtihani.

Siku moja ya Alhamisi, Elimringi akiwa anapigilia kitambaa kwenye kochi, mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja na mkebe wa vifaa vya hesabu, sweta, na Agano Jipya dogo.

"Baba Hellen, samahani. Vitu hivi mwanenu amempa binti yangu. Nikasema si kawaida. Mtihani ni wiki ijayo, mtoto anagawaje bikari na rula?"

Hellen aliitwa. Alisimama mbele ya baba yake, mikono nyuma.

"Kwa nini umegawa vitu vyako?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo nini?"

"Sitavihitaji." Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kupanga mambo yake. "Babu alianguka. Baba mdogo ameanguka. Baba mkubwa, wewe na mimi tumebaki. Sweta ni jipya, nikaona heri alivae mtu."

Elimringi aliweka nyundo chini. Akakaa palepale kwenye kochi la watu lisilokwisha, springi zikamchoma, hakuhama. Aliitoa ile karatasi kwenye boksi la misumari alikoificha, akamsomea binti yake neno kwa neno, kwa Kiingereza chake kibovu, halafu kwa Kiswahili. Hellen aliisoma mwenyewe tena.

"Sasa kwa nini ulisema unao?"

Hilo ndilo hakuweza kulisoma kokote.

&nbsp;

Walipanda Kirua Jumapili, wote watatu. Elimringi aliomba ukoo uitwe, hata Shangazi Eliona. Alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama uani, mikono imening'inia.

"Niliwadanganya. Sina. Karatasi hii hapa. Nilisema ninao ili niwe wenu."

Eliufoo aliipokea karatasi, akaisoma, akampa Shangazi ambaye hakujua kusoma Kiingereza lakini aliishika kwa muda mrefu. Uso wake ulipitiwa na aibu kwanza, kisha ukarudi pale ulipozoea.

"Si nilisema?" alisema taratibu. "Mimi nilisema tangu mwanzo."

"Eliona, kaa," alisema Bibi Elisifa.

Hakupaza sauti. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumsikia akimwambia wifi yake akae, na Eliona akakaa.

"Miaka arobaini mmeuliza pua ya mwanangu," Bibi Elisifa alisema. "Mkauliza vitambaa. Sasa mmeuliza mpaka Ulaya. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekuwepo."

Watu walitazama chini.

"Ebenezeri alipanda kutoka mkongeni siku ya Pasaka, akakaa siku nne. Elimringi alizaliwa Januari. Aliyetaka kuhesabu angehesabu. Yeye mwenyewe hakuhesabu. Alimbeba kanisani, mchungaji akauliza mtoto wa nani, akataja jina lake. Yale ya vitambaa alikuwa anasema akilewa, na akilevuka ananiomba radhi. Mimi nikanyamaza, nikidhani heshima ndiyo hiyo. Huyu ni mtoto wa Ebenezeri. Nimesema, na sirudii."

Alikuwa anasema kweli, ingawa hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Wengine walimwamini palepale. Eliona hakumwamini siku ile wala nyingine. Na Elimringi, ambaye alikuwa amengoja maneno hayo tangu utotoni, alijikuta anatamani, hata kwa nukta moja, yangekuwa yameandikwa mahali. Akaona haya mbele ya mama yake, akaenda akapiga magoti, akamshika miguu.

Filemon alikuwa anahangaika kwenye kiti chake. Mdomo ulivutika upande mmoja, neno likakataa, likatoka.

"Ka-ka."

"Nipo, mdogo wangu."

"Tu… badilishane." Alionyesha kwa mkono mzima: migomba, nyumba, kahawa, zizi. "Hii… yote. Chukua. Nipe… karatasi."

Kisha akamtazama binti yake Mary, aliyekuwa anamchezea mdogo wake Tito nywele, na kila aliyekuwepo aliona anachotazama. Elinipendo aliinuka akaenda ndani, akafunga mlango.

&nbsp;

Watoto wa Filemon walipimwa mwaka uliofuata. Eliufoo alikuwa mgonjwa, Filemon hakuweza kusafiri, kwa hiyo ni Elimringi aliyewapeleka Elinipendo na watoto hospitalini. Siku ya majibu Violet naye alikuja, akabeba chai kwenye chupa.

Tito hakuwa nao. Mary alikuwa nao.

Elinipendo alitoka kwa daktari akaketi mwisho wa benchi. Violet alimmiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Mama Mary, pole. Kunywa kidogo."

"Usinipe chochote leo," Elinipendo alisema bila kumtazama. "Nenda kakae kule. Wewe si mbaya, najua si mbaya. Lakini nikikuona namwona Hellen wako amefaulu, yuko sekondari anakimbia uwanjani, na nakuchukia. Kesho itapungua. Leo nenda kakae kule."

Violet alichukua kikombe chake, akaenda kukaa kule.

Elimringi alisikia yote. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuwatazama wengine kwa jicho lile. Hakuna aliyewahi kumwonea wivu kwa chochote, si kwa kazi, si kwa nyumba, si kwa jina. Sasa alikuwa na kitu kimoja ambacho ukoo mzima wa Ebenezeri ulikitamani, na hakujua aweke wapi uso wake.

Mary alikuwa anatakiwa kwenda kupigwa picha ya kifua, na mama yake hakuweza kuinuka. Elimringi alimshika mkono. Msichana alikuwa na miaka tisa, soksi moja imeshuka. Walipita wodi mbili kabla hajasema.

"Baba mkubwa, ni kweli wewe ulitaka kuwa nao?"

"Ni kweli."

"Na sasa? Mungu akikuruhusu leo uchukue wangu, utakubali?"

Elimringi alisimama. Mbele yao watu walikuwa wamepanga foleni ya picha, na mtu aliyeshika orodha alikuwa anaita majina. Jibu la kumpa mtoto lilikuwa jepesi, na mtu mzima yeyote angelitoa. Alifungua kinywa kulisema. Akamwona moyoni Hellen wa mwaka jana, amechuchumaa, karai mbele yake, kichwa juu, anaosha sahani.

"Hapana, mama," alisema. "Nisingekubali."

Mary alifikiri kidogo, akavuta soksi yake juu.

"Ningekuwa wewe, mimi pia nisingekubali," alisema, akaendelea kumshika mkono mpaka jina lake lilipoitwa.